Sauti za Munene na Kamba

Wiki iliyopita nilikuwa kwa msusi, hapa hapa Kisangani, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama wima, kijana wa saluni akaweka vichekesho vya zamani kwenye televisheni. Munene na Kamba. Kama wewe ni wa rika langu huhitaji kuelezwa: mmoja tumbo mbele, mwingine mrefu mwembamba, suruali inaishia juu ya kifundo cha mguu, wanaishi chumba kimoja na kila wanachokigusa kinavunjika. Nilifurahi kuwaona mpaka msusi akanishika kichwa nitulie. Halafu kijana akaongeza sauti, nami nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani: sauti zao wenyewe.

Usinicheke. Niliwaangalia wale wawili kila Jumapili ya utoto wangu. Najua Munene anavyofuta jasho, najua Kamba anavyokunja shingo kabla hajapigwa. Lakini sauti zao sikuzijua. Kumbe Munene ana sauti nyembamba ya upole. Kumbe wanaitana ndugu, wanaombana msamaha kwa Lingala tamu ya Kinshasa, na hakuna hata tusi moja. Wanawake mle ndani walicheka mpaka wakajifuta machozi, hata wasichana waliozaliwa Zaire ikiwa imeshakufa, na msusi akasema vichekesho vya siku zile havizeeki. Mimi nilikaa nimenuna. Wale hawakuwa Munene na Kamba wangu. Wangu waliishi Kabondo, na walikuwa na meno.

Ngoja nikueleze. Pale Kabondo, mtaa mmoja wa huku Kisangani, tulikaa lupango moja, nyumba na ua wake, watu watatu: Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, mama mdogo, na mimi. Wazazi wangu walikuwa Maniema kwa kazi, wakaniacha nisome. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Papa Karani, aliyefanya kazi bandarini tangu ujana wake, mtu wa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata siku ya salongo, kazi ya lazima, wakati sisi wengine tunafyeka majani kwa amri ya Chama tukiwa na matambara. Yeye ndiye aliyeleta televisheni ya kwanza mtaani. Ilipanda mto kutoka Kinshasa kwa meli, majuma mengi, ikafika salama, halafu mpagazi akateleza kwenye ngazi za bandari na sanduku likaanguka. Picha ilipona, sauti ilikufa. Fundi wa redio aliifungua, akapuliza vumbi, akaifunga, akasema kipande kinachotakiwa kitatoka Kinshasa. Kipande hicho bado kinakuja.

Jumapili zetu zilikuwa na utaratibu wake. Asubuhi kanisani, kisha nilitwanga ndizi zilizochemshwa kwa ajili ya lituma, Koko amesimama juu yangu kuhakikisha hazibaki mabonge. Tulikula na samaki wa moshi katika mawese. Baadaye masufuria, niliyosugua kwa majivu mpaka vidole vikakunjamana. Harufu ya mawese ilikuwa bado mikononi nilipobeba benchi letu kichwani kwenda kwa Papa Karani. Televisheni iliwekwa dirishani, uso kuelekea uani, na mtaa mzima ulikaa nje, wakubwa kwenye mabenchi, watoto mchangani. Karanga zilizunguka katika kopo. Umeme wa maporomoko ya Tshopo siku zile ulikuwa mwaminifu, si huu wa sasa wa kukuachia wali mbichi.

Kwanza zilikuja habari. Kichwa cha kiongozi wa nchi kilishuka kutoka mawinguni, picha ya kufungulia habari, kimya, na Papa Karani alisimama mpaka kimalize kushuka. Kisha wacheza ngoma wa Chama, wamevaa vitenge vyenye uso uleule, wanakatika kiuno bila muziki. Watu wazima walikaa wima kama wanafunzi, kwa sababu hujui nani amekaa benchi la nyuma. Yule wa mawinguni hakuna aliyethubutu kumtia neno mdomoni. Maneno yote ya wiki, yaliyobanwa kooni, yaliwasubiri Munene na Kamba.

Aliyeanza ni mama wa mikate. Mikate kwetu ni maandazi, na mama huyu aliyakaanga kabla ya jua, akazunguka nayo mlango kwa mlango watu wakiwa bado wanapiga mswaki, hawajavaa sura ya kutokea. Alijua nani amelala wapi, nani hakula, nani amelia. Jumapili moja Kamba alifungua mdomo pale dirishani, mdomo mtupu, na mama wa mikate, kwa kuchoshwa tu na ule ukimya, akamjaza maneno. Papa Karani akajibu kwa niaba ya Munene, kwa sauti yake nzito ya bandarini. Watu walianguka kwa kicheko. Tangu siku ile wawili hao walikaa kwenye viti, huyu upande huu wa dirisha na yule upande ule, kila mmoja na mtu wake.

Sasa sikiliza walichokuwa wakisema. Hawakusema yaliyo kwenye picha, walisema yetu. Munene anashika chupa, anaitazama juani. "Dawa hii niliikuta sokoni," Papa Karani anasema, "lakini iko na muhuri ya hopitali." Kamba anakuna kichwa. "Donc ilitembea yenyewe, Papa. Ilichoka kungoja mugonjwa." Na macho yote, polepole, yanageukia benchi la muuguzi. Juma lingine ilikuwa zamu ya mzee wa kanisa aliyekuwa akipigwa na mkewe kwa mwiko, na Kamba alipoanguka ngazini tulimsikia akiomba, kwa sauti ya mzee yule yule ya sala, kwamba mwiko urudi jikoni.

Jina halikutajwa kamwe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na ndio ulikuwa mtego. Ukikasirika unaulizwa: "Nani alikutaja?" Ukizidi kukasirika unatumwa nyuma ya nyumba kushika mlingoti wa antena, ambao upepo uliuzungusha kila mara, unasimama kule peke yako, huoni kitu, na wenzako wanaona vizuri kwa jasho lako. Kwa hiyo watu walijifunza kucheka haraka. Ungemwona baba mzima, amechomwa mpaka mfupani, anajipiga mapaja, macho makavu.

Na tulikwenda! Hakuna aliyeburutwa. Jumamosi watu walikuwa wakali kwa hofu, Jumapili walipigania nafasi. Nimefikiri sana juu ya jambo hili na nimepata jibu moja tu: tulikuwa tumekatazwa kucheka juu, basi tulicheka pembeni, na wa pembeni ni jirani. Koko alisema, "Pale habaangalie televizio, banaangalia batu." Lakini alikuja, na benchi nililobeba lilikuwa lake.

Sasa nikuambie kuhusu mama mdogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kuimba anapofua. Aliolewa Ubundu, akakaa huko miaka, mtoto hakupatikana, na siku moja wajomba wa mume walimleta kwa treni na sanduku lake. Walimkabidhi kwa Koko kwa heshima zote, wakakataa hata maji ya kunywa, wakawahi treni ya kurudi. Tangu hapo hakuimba. Aliongea kwa sauti ya chini, ya mgeni, katika nyumba aliyozaliwa.

Halafu mwalimu wangu wa darasa la nne akaanza kupita kwetu. Mwanzoni nilidhani anakuja kwa sababu ya hesabu zangu, na kusema kweli zilistahili kuletewa mtu nyumbani. Alikuwa mtu mpole, shati jeupe, anapiga hodi hata kama mlango uko wazi. Mama mdogo alimwambia kila kitu cha Ubundu, yeye mwenyewe, kabla mtu mwingine hajawahi kumwambia. Nilikuwepo jikoni nachambua sombe, majani ya muhogo. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Miye niko na batoto darasa muzima. Bananitosha." Mama mdogo akageuka kutazama sufuria, akaitazama muda mrefu, na ndani ya sufuria mlikuwa na maji tu.

Wajomba wa mwalimu waliahidi kuja kubisha hodi ya posa Jumamosi. Koko alinunua bata na kuanza kumnenepesha. Sisi tulijua, na mtaa ulijua, kwamba kwa mwanamke aliyerudishwa hii ndiyo nafasi ya kuwa tena na nyumba yake, na kwamba nyingine haitakuja.

Jumapili iliyotangulia, mwalimu alitaka waende pamoja kwa Papa Karani. Mtaani kwetu, mwanamume na mwanamke kukaa benchi moja mbele ya ile televisheni ilikuwa sawa na kutangazwa kanisani. Koko alikataa. "Mungoje kwanza ipite Jumamosi." Mama mdogo akamjibu, "Mama, nitajificha mupaka wakati gani?" Na akacheka, cheko la kwanza tangu treni ile. Alivaa kitenge cha kijani, akapaka mafuta shingoni, wakakaa benchi la mbele kabisa. Watu waliwasalimia kwa uchangamfu uliozidi kipimo.

Dirishani, Munene na Kamba walikuwa wamenunua kuku. Kamba anamshika mbawa, anamgeuza, anamchungulia chini. Munene anaweka kikapu, wanachutama wote wawili, wanangoja yai. Yai haliji. Kamba anamtikisa kuku karibu na sikio lake.

Mama wa mikate alikohoa kidogo, kama kawaida yake anapoanza.

"Kuku hii nilinunua Ubundu," akasema. "Ilikuja na treni."

Kicheko cha kwanza kilikuwa kidogo. Watu walikuwa wakivuta pumzi.

"Iko na miguu muzuri," Munene akasema.

"Miguu muzuri, nyoya muzuri, kula inakula. Lakini haitage."

"Alors, uirudishe kwa benyewe."

"Nirudishe wapi, Papa? Ni benyewe ndio balirudisha!"

Uwanja ulipasuka. Watoto walijigaragaza mchangani bila kujua sababu. Mama wa mikate na Papa Karani walingoja, walikuwa mafundi wa kungoja, na kicheko kilipoanza kupungua Munene alijishika kidevu pale dirishani, akafikiri.

"Bon," akasema Papa Karani. "Tuipeleke kwa mwalimu. Yeye ataifundisha kutaga."

Ndugu yangu, ilichekesha. Siwezi kukudanganya. Hata leo nikiisema kwa sauti midomo inanicheza. Koko mwenyewe alicheka, amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanaruka. Mama mdogo alisimama. Hakuna aliyemtuma. Alipita kati ya mabenchi, akaenda nyuma ya nyumba, akashika mlingoti wa antena, na picha ikatulia, ikawa safi kuliko siku zote.

Ndipo mwalimu alipocheka. Alikuwa amejizuia, niliiona shingo yake ikivimba. Kilipotoka hakikuwa cheko la heshima. Kilikuwa kicheko cha juu, cha kukatikakatika, kinachomalizikia na kwikwi, na darasani hatukuwahi kukisikia. Watu walicheka upya kwa kukisikia. Nyuma ya nyumba hakukuwa mbali, hatua chache tu, na kicheko kile kilifika.

Jumatatu jioni alikuja, akapiga hodi kwenye mlango ulio wazi. Mama mdogo alikuwa anafua, hakusimama.

"Nilicheka Kamba," mwalimu akasema. "Sikukucheka weye."

"Bote balicheka. Mama yangu alicheka. Lakini bale sitazeeka nabo."

"Hakuna mutu angeweza kujizuia, kweli."

"Najua," akasema mama mdogo, akikamua nguo. "Nilitaka mumoja tu."

Alimwambia Koko asimchinje bata. Koko alipiga kelele wiki nzima: mwanamke wa kurudishwa anakataa mwalimu wa serikali kwa sababu ya kicheko, wapi imeonekana? Mtaa ulisema kuku anachagua jogoo. Mwalimu alituma watu, akasubiri, akatuma wengine, na mwisho akaoa mshonaji mmoja wa Mangobo, mwanamke mwema, ninakiri. Bata tulimla wenyewe Noeli. Alikuwa mgumu.

Sasa wewe utadhani mama mdogo hakukanyaga tena pale. Alirudi Jumapili iliyofuata, akakaa benchi letu, akatazama mbele. Mama wa mikate alimwacha. Alishamaliza kwake, kulikuwa na wengine. Ilikwenda hivyo mpaka mtoto wa mama wa mikate alipomwita Kindu akamlelee wajukuu, na kiti cha Kamba kikabaki kitupu. Papa Karani alijaribu kuongea peke yake. Ilikuwa aibu, mtu anajiuliza na kujijibu. Watu walianza kupiga miayo. Ndipo mama mdogo alipoinuka kwenye benchi letu, akaenda akakaa kwenye kiti kile, na Kamba alipofungua mdomo akamjaza.

Alikuwa na kipaji, huo ndio ukweli mchungu. Mama wa mikate alikuwa akichoma na kupita. Mama mdogo alikaa na mtu. Sauti ile ya chini aliyorudi nayo Ubundu hakuipandisha hata kidogo. Watu waliacha kutafuna karanga ili wasikie. Walikuja watu kutoka Mangobo na kutoka ng'ambo ya mto kwa ajili yake. Sokoni wauzaji walimjazia kipimo cha mchele bila kuombwa, na akisema jambo tu, jambo la kawaida kama "Habari ya nyumbani?", mtu alianza kujikagua. Hakuna aliyetaja tena kuku. Hakuna, vilevile, aliyekuja kubisha hodi. Nani angelala karibu na mdomo ule?

Mwalimu alikaa mbali muda mrefu. Halafu Jumapili moja alikuja na mke wake, wakakaa nyuma. Nilimwona mama mdogo akiwaona. Yalipita maneno mengi ya Kamba, ya watu wengine, hata mimi nikadhani amewasamehe. Kisha pale dirishani Munene alitumbukia ndani ya pipa, na Kamba akarudisha kichwa nyuma, akafungua mdomo wote. Mama mdogo hakumtia neno. Alimtia kicheko. Cha juu, cha kukatikakatika, na kwikwi mwishoni.

Uwanja mzima ulikitambua. Mke wa mwalimu alikitambua kabla ya wote, akampiga mumewe begani kwa furaha. "Ni weye kabisa!" Akacheka mpaka akajishika mbavu. Mwalimu alimgeukia mkewe akamtazama akicheka, akamtazama tu. Hatukumwona tena kwa Papa Karani, na shuleni, mpaka namaliza, sikumsikia akicheka hata siku ya zawadi.

Tulipokuwa tunarudi nilimwuliza mama mdogo kama sasa moyo wake umepoa. "Hapana," akasema. "Beba benchi vizuri, utaumia shingo."

Televisheni iliondoka siku za uporaji, wakati wanajeshi walipobeba kila kitu mjini, hata milango. Aliyeichukua alirudi kesho yake kumtukana Papa Karani kwa kumfanya aibe kitu kisicho na sauti. Papa Karani alicheka mpaka akakohoa, na si muda mrefu baadaye kikohozi hicho kilimchukua. Chama kilikwenda, Zaire ikaenda, kichwa cha mawinguni kikaenda. Siku hizi kila mtu ana kioo chake mkononi, anacheka peke yake, amewapa wengine mgongo. Wenzangu wa zamani tukikutana wanasema siku zile tulicheka pamoja. Ni kweli, tulicheka pamoja, isipokuwa yule mmoja aliyekuwa nyuma ya nyumba. Na nikuambie kitu kibaya: ukinipa leo kopo la karanga na nafasi kwenye benchi lile, naacha kila nilichonacho nakwenda.

Mama mdogo alikufa miaka mitatu iliyopita, katika nyumba ya Koko, hajawahi kuolewa tena. Nilidhani matanga yatakuwa madogo. Walikuja watu mpaka tukaazima viti mtaa wa pili. Walikuja waliochomwa, na watoto wa waliochomwa, na mchana wa pili mtu mmoja akaanza: mnakumbuka zamu yake ya kumsema muuguzi? Mwingine akadakia. Waliiga sauti yake ya chini, waligeuza shingo kama Kamba, wakacheka wakiwa wameshikana mabega, wakalia, wakacheka tena. Hata mimi, mwenye msiba, nilicheka. Kisha mzee mmoja mjinga akaanza na ile ya Ubundu, kuku na treni, na ikachekesha vilevile kama siku ya kwanza.

Mwalimu alikuwa amekaa karibu na mlango, mzee wa fimbo, mjane. Watu wote waliomzunguka walikuwa wanatikisika. Yeye alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, midomo ameibana mpaka imepauka, na hakutoa hata pumzi. Nilimtazama mpaka kuku yule akamalizika. Nilimpelekea chai, nikainama karibu na sikio lake.

"Cheka tu, Mwalimu," nikamwambia. "Leo hasikie."